Jina la Kumi la Gobori

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyomuua baba mkwe wangu mara tatu, na asubuhi hiyo hiyo tukala ugali pamoja. Kaa chini. Hilo gobori lako liegemeze pale ukutani, mdomo juu. Juu, nimesema. Usimwelekeze paka wa bibi yako, hajamkosea mtu.

Jana ulirudi kutoka Utete na karatasi ya kibali, nami nikakuona ukipita njiani na gobori begani. Nguruwe wanakula mahindi upande wa bondeni, wewe unapita upande wa nyumba zenye mabinti, tena umepita mara mbili. Sikulaumu. Nilikuwa kama wewe, tena nilikuzidi. Lakini kabla hujalitia baruti hata punje moja, nisikilize. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu huyo nimemlea miaka mingi, namjua hadi kilio chake.

Mwaka wa vita vya Maji Maji nilikuwa kijana wa kuoa. Kwetu ni Ruaruke, lakini nilikuwa nimehamia huku bondeni, karibu na Umwe, kumtumikia Mzee Ngwande. Nilimtaka binti yake Zena, huyo huyo bibi yako anayekohoa jikoni ili nijue kwamba anasikiliza. Desturi ilikuwa mposaji alime shamba la mkwe msimu mzima huku akitazamwa tabia, ndipo apewe mke. Tabia nilikuwa nayo. Kilichonizidi ni mdomo.

Siku ya kwanza Mzee Ngwande aliniuliza nimewahi kufanya kazi gani. Nikamwambia nimewinda tembo huko juu mtoni. Mwanangu, kweli nilifuatana na wawindaji mwezi mmoja, lakini nilikuwa mbeba chungu. Tembo nilimwona mmoja, tena kwa nyuma, naye alikuwa anaondoka. Ila Zena alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, bangili zake nazisikia, basi yule tembo mmoja wakawa sita.

Mzee Ngwande alikuwa na gobori lake, na alilipenda kupita kiasi. Mkewe aliliita mke mwenza. Mafuta ya nazi yakikamuliwa nyumbani, gobori lilipakwa kwanza, na yeye akapaka yaliyobaki.

Kisha vita vikaja. Watu walikuwa wamechoshwa na shamba la pamba la akida, na viboko, na kuacha mahindi yao yaliwe na nyani huku wao wanapalilia mali ya Mdachi. Kutoka upande wa Umatumbi zikaja habari za dawa ya maji: ukinyunyiziwa na kuinywa, risasi za Wadachi zitageuka maji. Kijijini kwetu magobori yalikuwa matatu tu. Macho ya Mzee Ngwande yalikuwa yameingia ukungu, mtu akisimama hatua kumi alimjua kwa sauti. Basi akasimama mbele ya wazee akasema, "Gobori langu atalishika mkwe wangu. Huyu ni mtu wa tembo sita."

Nikaitika kwa kichwa, kama mtu aliyechoka kusifiwa.

Pale barazani alikuwepo Fundi Mponda. Huyu alikuwa Mmakua aliyekuja kwetu kwa kazi ya tembo akazeekea hapa, na fundi wakati ule maana yake mwindaji hasa, si mbeba chungu. Mkono wake wa kushoto ulikosa kidole cha mwisho. Alinitazama kama unavyomtazama kuku unayetaka kumnunua, akasema, "Tembo sita? Vizuri. Kesho asubuhi njoo kwangu na hilo gobori."

Nilipofika nilimkuta uani anamenya muhogo. Hakunikaribisha kiti. Akagonga ubao wa nyuma wa gobori. "Hii nini?"

"Mkia," nikasema.

"Na huu mrefu?"

"Bomba."

"Na hiki kijiti kilicholala chini ya bomba?"

Nikafikiri. "Cha kutembelea, mzee. Ukichoka njiani."

Fundi Mponda akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikadhani amelala. Kisha akauliza kwa upole, "Hao tembo sita, mwanangu, walikufa kwa nini? Uzee?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale penye maganda ya muhogo. Nikamwambia kweli yote, na nikamwomba asimwambie mkwe, maana nikikosa Zena nitakuwa nimelima bure. Fundi akasema, "Simwambii. Lakini utakuja asubuhi tatu. Bunduki usiyojua majina yake ni ya mtu mwingine, hata ukiwa umeishika weye."

Asubuhi ile akanifundisha kwa vidole vyake. Majina yalikuwa tisa, na vidole vyake tisa, kila jina na kidole chake. Kile nilichokiita mkia ni kitako, nacho hukaa begani, kikae imara, kikicheza kitakupiga kofi. Bomba ni mtutu. Mwisho wake ni mdomo, na mdomo huo ukisema neno haulirudishi. Kijiti cha kutembelea ni mdeki, wa kushindilia. Kile chuma kinachosimama juu kama kichwa cha kuku ni mtambo, na cha kuvuta kwa kidole ni kifyatulio. Hayo sita. Kesho yake akanipa matatu ya chakula cha gobori: baruti inayotangulia kuingia, risasi inayoifuata, na fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachovikwa nyuma penye tundu, mtambo ukikigonga kinatoa cheche na cheche inaiamsha baruti.

"Rudia," akasema. Nikarudia. "Rudia kwa kuanzia mwisho." Nikarudia. Akanionyesha kupima baruti kwa kifuniko cha pembe inamowekwa, kutia kitambaa, kushindilia kwa mdeki mpaka mdeki wenyewe uruke, kisha risasi, kisha kitambaa tena. Akanifunza kulenga: jicho, ncha ya mtutu na shabaha vikae mstari mmoja, na shabaha ni kile unachokusudia, si kile unachokitamani. Hili la mwisho sikulielewa. Nilidhani ni mambo ya wazee, hupenda kuongeza chumvi mwisho wa mchuzi.

Nilipoinuka akainua mkono wake wa kushoto, akanionyesha pale kidole kilipokatika. "Lipo jina la kumi. Lilikuwa kwenye kidole hiki. Kesho nitakwambia, ndilo kubwa kuliko yote. Na nitakwambia pia baruti haipendi nini."

Haya. Wewe ungekwenda? Ungekwenda. Mimi sikwenda. Asubuhi ile ya tatu ndiyo waliyofika watu wa dawa, na kijiji kizima kikakusanyika. Nikasema moyoni, majina tisa ninayo, la kumi la nini? Mtu hana vidole vya kutosha na anataka kuhesabu kumi. Haraka haraka haina baraka, mwanangu, na hakuna aliyenisukuma, nilijiharakisha mwenyewe.

Tukanyunyiziwa maji, tukanywa, tukapewa miiko. Mmoja ni kwamba aliyekunywa dawa asikaribiwe na mwanamke mpaka vita viishe, hata chakula asipelekewe naye. Kumbuka huo mwiko, utaturudia.

Mimi nikawa nawaza. Dawa inageuza risasi kuwa maji. Sawa. Lakini risasi yangu nayo ni risasi. Dawa itajuaje kwamba hii ni ya kwetu na ile ni ya Mdachi? Mimi nimekunywa, dawa inanijua. Gobori halijanywa, kwa dawa ni mgeni. Nikifyatua, si litatema maji? Mwanangu, niliona nimegundua jambo lililowapita wazee wote. Sikumuuliza mtu. Kuuliza si ujinga, lakini mjinga hudhani ndio wenyewe.

Nikaomba maji kidogo ndani ya kibuyu, nikasema ni ya mjomba wangu mgonjwa. Nikaenda nyuma ya nyumba. Gobori nilikuwa nimeshalishindilia vizuri, baruti, kitambaa, risasi, kama nilivyofunzwa. Nikalisimamisha wima, nikasema bismillahi, nikalinywesha. Lilikunywa sana. Nikalitingisha kidogo ili yashuke mpaka tumboni, nikaliziba mdomo kwa tambara lisije likatapika. Nikajiona mtu mwenye akili nyingi.

Nikapangiwa kulinda juu ya dungu la Mzee Ngwande, ule ulingo wa kulindia shamba, kwenye mahindi ya mlau, yale tunayopanda mafuriko yakishuka. Ukiwa juu ya dungu unakiona kijia chote kinachotoka mtoni, na ilisemekana askari wa Mdachi watapita hapo. Fundi Mponda alilala kwenye matete upande wa pili na gobori lake. Nilikuwa na fataki tatu tu, maana zilikuwa adimu. Amri ilikuwa nikiona askari nipige mbinja, tusaidiane. Mbinja! Nilijisemea, nikimwangusha wa kwanza peke yangu, Zena ataozwa kwangu kabla ya Ijumaa.

Asubuhi ikafika, ukungu wa kipupwe umelala juu ya mahindi. Nikamwona. Anakuja mmoja, taratibu, katikati ya kijia. Koti la kaki. Tarbushi nyekundu kichwani. Begani kitu kirefu kimeelekea nyuma. Nikasema huyu ndiye wa mbele, wenzake wako nyuma. Sikupiga mbinja.

Nikaondoa tambara mdomoni mwa gobori. Kitako begani, imara. Jicho, ncha ya mtutu, kifua cha koti la kaki, mstari mmoja. Mtambo nikausimamisha. Kifyatulio nikakivuta.

"Ta!"

Ni fataki tu. Gobori lenyewe kimya. Mtu anakuja. Nikavika fataki ya pili, nikalenga tena. "Ta!" Kimya. Ya tatu. Hapo alikuwa karibu kabisa na dungu, namwona vifungo vya koti. "Ta!" Na mtutu ulikuwa umeinama kwa kuwa yeye yuko chini, basi ukaanza kutiririka. Maji meusi, tone tone, yakamwangukia kwenye tarbushi.

Yule mtu akasimama. Akapangusa uso. Akainua kichwa akasema, "Mkwe, ndiwe weye unayebangua korosho huko juu? Na mbona unanimwagia uji?"

Ilikuwa sauti ya Mzee Ngwande.

Kumbe, mwanangu, mambo yalikuwa hivi. Tarishi wa akida alipokimbia, aliacha koti na tarbushi yake kwenye kamba ya nguo, na mzee akavichukua. Mzee alikuwa anaona baridi, naye kwa macho yale rangi ya koti haikumhusu, alijali joto lake. Na kile kirefu begani kilikuwa fimbo, na nyuma ya fimbo kilining'inia kifurushi cha ugali na kambale wa kukausha. Zena ndiye aliyepika. Kwa ajili ya ule mwiko hakuweza kuniletea mwenyewe, wala mama yake hakuweza, basi mkwe mzima, mzee wa watu, ameamka alfajiri kumpelekea mposaji chakula. Jambo ambalo halijawahi kuonekana kwetu. Na mimi nimemlenga kifuani mara tatu.

Fundi Mponda akatoka mateteni, zile "ta" tatu alikuwa amezisikia. Akapanda ngazi, akalichukua gobori mikononi mwangu, akaligeuza mdomo chini. Likatoka tope jeusi. Akalinusa. "Maji ya dawa?"

"Ndiyo."

"Uliliona lina kiu?"

Nikamweleza hoja yangu, jinsi gobori lilivyokuwa mgeni kwa dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, nadhani kwa heshima ya maajabu. Chini, Mzee Ngwande alikuwa anauliza, "Kuna nini? Alikuwa analengwa nani?"

Fundi akaniangalia mimi. Alikuwa ameniachia nijibu mwenyewe.

Nikashuka. Nikapiga magoti kwenye mahindi, nikasema, "Baba, nilikulenga wewe. Nilidhani ni askari. Na tembo sikuua hata mmoja. Nilibeba chungu." Sijui kwa nini niliunganisha yale mawili, lakini yalitoka pamoja. Nilijua Zena ameondoka mikononi mwangu. Nikalia, sikufichi, nililia kwa sauti kama mtoto aliyetahiriwa.

Mzee akakaa chini pale pale kijiani. Akajipapasa kifua, juu ya vifungo vya kaki, kama anayetafuta tundu. Fundi Mponda akasema, na sauti yake haikupanda. "Jina la kumi ulilolikimbia ni hili: jina la aliyesimama mbele ya mdomo. Hayo tisa ni ya chuma na moto, mtu yeyote atakufundisha. La kumi hakuna atakayekupa, sharti uliulize mwenyewe kila siku, kabla hujasimamisha mtambo. Miye sikuliuliza. Nyasi zilitikisika, nikatamani ziwe nguruwe, nikafyatua. Alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Gobori nililolijaza kwa pupa likapasuka likachukua kidole. Kidole nimekizoea. Ndugu yangu hajatembea sawa tena, na kila nikimwona anakuja namwona kwanza mguu."

Basi nikajua kwa nini alisema shabaha si kile unachokitamani.

Mzee Ngwande akafungua kifurushi. "Ugali unapoa," akasema. "Njooni. Mtu aliyekufa mara tatu ana njaa."

Tukala. Alinipa kichwa cha kambale.

Sitakudanganya, mwanangu, vita vile havikuwa vya kuchekesha. Siku zilizofuata askari walipita kweli, njia nyingine, na bombom yao, ile bunduki inayomwaga risasi mfululizo. Vijana niliokunywa nao dawa siku moja walilala wasiamke, na baada ya vita ikaja njaa ikachukua walioachwa na risasi. Waliamini, na walikuwa na haki ya kukasirika, na nikiwataja naumia mpaka leo. Katika vita vyote vile, risasi niliyoiona kwa macho yangu ikishindwa kwa maji ni moja tu, nayo ilikuwa yangu. Namshukuru Mungu kwa hiyo moja.

Zena nilimpata, lakini si Ijumaa ile. Mzee aliniongezea msimu mwingine wa kulima, na kila Ijumaa baada ya sala nilisimama barazani nikayataja majina yote kumi mbele ya wazee, na nikifika la kumi ilinibidi nimtaje yeye kwa jina lake na la baba yake. Watoto wakawa wanayataja kabla yangu. Siku ya harusi akanishika mkono akawaambia wageni, "Huyu ndiye mkwe wangu aliyeniua mara tatu." Na kila Idi baada ya hapo, na kila msiba, na kila akija mgeni wa kutoka Kibiti. Lile koti aliendelea kulivaa, nadhani kwa makusudi.

Alipokuwa anakata roho, miaka mingi baadaye, macho yalikuwa yamefunga kabisa. Ilikuwa mchana, nikaingia chumbani kwake. Akasikia hatua akauliza, "Nani?"

"Mimi, baba. Mkweo."

Akatabasamu. "Ndivyo. Jina kwanza." Hakusema neno jingine refu kuliko hilo. Kichwa chake nilikishika mimi mpaka mwisho, na alikufa kwa uzee, kama wale tembo wangu.

Sasa nenda ukalichukue gobori lako. Baruti uiweke kavu, ukae nayo mbali na maji na mbali na moto wa bibi yako. Mdomo uuelekeze juu au ardhini, usimwelekee mtu hata kwa mzaha, hata ukiwa na hakika halina kitu ndani, maana langu nilikuwa na hakika lina kitu. Usichokijua uliza, tena uliza mapema, kabla akili yako haijakupa jibu lake. Usiongeze tembo mbele ya wasichana. Na huko bondeni nyasi zikitikisika, kabla mkono haujagusa mtambo, paza sauti: "Nani?" Nguruwe akikimbia, akimbie, kesho atarudi, mahindi hajayamaliza. Binadamu hapati kesho nyingine.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe shabaha njema na mkono usio na pupa. Akujaalie uoe unayempenda, na mkweo akucheke mpaka azeeke. Nawe uzeeke na vidole vyako vyote kumi, na kila utakayemuuliza "Nani?" awe hai wa kukujibu.